Je, Ni Halali Mtu Kuishi kwa Moyo wa Mnyama?

Tarehe 7 Januari mwaka 2022, katika mji wa Baltimore huko Marekani, waganga wa Chuo Kikuu cha Maryland walitwaa moyo wa nguruwe wakautia kifuani mwa mtu wa miaka 57. Moyo wake mwenyewe ulikuwa umeishiwa nguvu, naye hakukubaliwa kupewa moyo wa mtu aliyefariki. Moyo ule wa nguruwe ukapiga, na mtu yule akaishi kwa moyo huo miezi miwili, hata akafa tarehe 8 Machi. Walioisikia habari hii hawakuwa na neno moja: wengine walistaajabu, wengine walichukizwa, na wengine waliuliza kwa hofu kama aliyeamka kitandani alikuwa mtu yule yule.

Swali hili halifai kuachiwa waganga peke yao. Katekista aweza kuulizwa darasani, na mzazi aweza kuulizwa na daktari kando ya kitanda cha mtoto wake, wala hapo hapana nafasi ya kufikiri polepole. Basi na tulitazame sasa. Je, ni halali mtu kuishi kwa kiungo cha mnyama? Na ikiwa ni halali, je, aliyepokea amekwisha maliza mambo, au amejitwika deni?

Kwanza yafaa tujue ya kuwa jambo hili si geni kama linavyoonekana. Mwaka 1796 mganga Mwingereza, Edward Jenner, alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, na mtoto yule hakushikwa na ndui ya watu. Mwezi Januari mwaka 1922, huko Toronto katika nchi ya Kanada, kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari alipigwa sindano ya dawa iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe. Dawa hiyo ndiyo insulini, na kwa muda wa miaka 60 wagonjwa wa kisukari waliipata kutoka kwa ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Hata leo dawa ya heparini, izuiayo damu isigande, hutolewa katika matumbo ya nguruwe. Wengi wamesaidiwa na mnyama wala hawakujua.

Na habari za moyo wenyewe pia zina umri. Ndani ya moyo mna milango midogo iitwayo vali, ifungukayo na kufunga ili damu ipite upande mmoja isirudi nyuma. Mwaka 1965 huko Paris, waganga wa Ufaransa, mmoja wao akiwa Alain Carpentier, walimtia mtu vali ya nguruwe. Baadaye Carpentier alianza kuzitia vali hizo dawa iitwayo glutaraldehaidi, kama vile ngozi inavyotiwa dawa isioze, ndipo zikadumu miaka mingi. Mwaka 2002, katika mji wa Rouen, Alain Cribier alitwaa vali iliyotengenezwa kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe, ikiwa imeshikwa na kiunzi cha chuma kilichokunjwa kikawa chembamba, akaipitisha katika mshipa wa kinena hata ikafika moyoni, bila kupasua kifua. Hapo kazi tatu zilikutana: ya mfugaji, ya mganga, na ya fundi wa chuma.

Lakini vali iliyotiwa dawa ni kama ngozi kavu, haina uhai. Moyo mzima ni kitu kilicho hai, na damu ya mtu huutambua kuwa ni mgeni. Chembe za nguruwe zina aina za sukari ambazo mwili wetu huzishambulia mara moja. Kwa hiyo wataalamu waligeuza jeni za nguruwe yule, yaani maagizo ya urithi yaliyomo katika kila chembe ya mwili. Walifanya mabadiliko 10: jeni tatu za sukari hizo walizizima, na moja nyingine pia, ili moyo usizidi kukua kifuani, kisha wakaongeza jeni sita za binadamu. Hilo ndilo jipya, nalo ndilo liletalo hofu.

Hofu ya kwanza yatoka katika lugha yetu wenyewe. Twasema mtu amekufa moyo, au moyo wake ni mzito, au anao moyo wa kutoa. Na wazee husema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Basi mtu akitiwa moyo wa nguruwe, je, upendo wake na nia yake vitakuwa vya nani? Jibu ni ya kuwa neno moja lachukua mambo mawili. Moyo wa nyama hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja kusukuma damu, na kazi yake ni hiyo. Moyo tunaoutaja tunapotubu na tunapopenda ni mtu mwenyewe, jinsi alivyo mbele ya Mungu na mbele ya wenziwe. Tangu mwezi Desemba mwaka 1967, Christiaan Barnard alipomtia mgonjwa moyo wa mtu mwingine huko Cape Town, maelfu ya watu wameishi kwa mioyo isiyokuwa yao. Wameamka wakiwajua wake zao na watoto wao, na madeni yao pia. Wala hatuna sababu ya kudhani ya kuwa nyama ya mnyama ina nguvu ya kumgeuza mtu kuliko nyama ya mtu mwenzake.

Hofu ya pili ni ya unajisi. Msomaji aikumbuke sura ya 10 ya Matendo ya Mitume, habari za Petro huko Yafa, naye ataona ya kuwa Mkristo hafungwi na katazo hilo. Hata hivyo tusiwadharau majirani zetu wanaolishika. Wengi wa wanazuoni wa Kiyahudi na wa Kiislamu wamesema ya kuwa haja ya kuokoa uhai hulilegeza katazo, mahali pasipo na dawa nyingine. Basi hata wale walio na sababu ya kumkataa nguruwe wameuweka uhai wa mtu mbele.

Kwa hiyo twasema ni halali. Lakini neno halali si mwisho wa shauri. Mtu apewaye mbuzi na jirani yake wakati wa njaa amemla kwa halali, wala hakuiba. Hata hivyo amepokea kitu kilichomgharimu mtu mwingine. Wazee husema dawa ya deni ni kulipa. Basi tuwahesabu wadai, nao ni watatu.

Mdai wa kwanza ni mnyama. Nguruwe wa kazi hii hazaliwi kama wale wa zizini. Hutolewa tumboni mwa mama yake kwa kupasuliwa, asije akaambukizwa ugonjwa. Hutengwa naye, hulelewa na watu katika nyumba ambayo hewa yake huchujwa. Nguruwe ni mnyama wa kufukua ardhi kwa pua, lakini huyu hakanyagi udongo siku zote za maisha yake. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alihesabu mifugo pamoja na nyumba na shamba katika mkate wa kila siku, maana yake ni vitu vya kupewa. Kitu cha kupewa hakitumiwi ovyo.

Mtu atasema, "Mbona twamchinja nguruwe kwa karamu wala hatuulizi neno? Afadhali huyu aokoaye uhai." Maneno haya yana nguvu, wala hatuwezi kuyapuuza. Lakini hayafuti deni. Bali yatuuliza habari za karamu pia. Deni hili hulipwa kwa kutomtesa mnyama bure, kwa kutochinja wengi pale wachache watoshapo, na kwa kutafuta njia ya kumwondolea mzigo. Insulini yatuonyesha ya kuwa njia yaweza kupatikana. Mwaka 1982 insulini ya binadamu, iliyotengenezwa kwa kazi ya bakteria, iliruhusiwa huko Marekani, na baada ya hapo ng'ombe na nguruwe walipumzishwa kazi ile kwa sehemu kubwa. Siku hizi mafundi wanajaribu vali za plastiki maalumu, zisizohitaji mnyama hata mmoja. Ikiwa zitafaa, itakuwa si haki kuendelea kwa desturi tu.

Mdai wa pili ni mgonjwa wa kwanza. Mwaka 1984, huko Marekani, mtoto mchanga alitiwa moyo wa nyani, akaishi wiki tatu hivi; yeye hakuulizwa, wala hakuweza kuulizwa. Mtu wa pili aliyetiwa moyo wa nguruwe huko Baltimore, mwezi Septemba mwaka 2023, aliishi wiki sita hivi. Mwezi Machi mwaka 2024, huko Boston, mtu wa miaka 62 alipewa figo ya nguruwe, akafa karibu miezi miwili baadaye. Mwezi Novemba mwaka huo, mwanamke mmoja huko New York alipewa figo kama hiyo, akaishi nayo siku 130, kisha ikabidi itolewe. Mwezi Januari mwaka 2025 mwingine alipewa huko Boston, akaishi nayo zaidi ya miezi minane kabla haijatolewa. Twaona muda ukiongezeka, na kila hatua imelipiwa na mwili wa mtu.

Hapa pana jambo gumu. Mtu anayekufa akiambiwa, "Chagua kujaribu au kufa," je, amechagua kwa hiari? Sisi twadhani aweza kuchagua kwa hiari, lakini kwa sharti kwamba ameambiwa kweli yote: ya kuwa huenda asipone, na ya kuwa faida huenda ikawa ya wengine. Tena jambo hili si lake peke yake. Katika mwili wa yule wa mwaka 2022 kilionekana kirusi cha nguruwe. Kwa ajili ya hatari ya namna hii, mgonjwa wa matibabu hayo hutakiwa kuchunguzwa maisha yake yote, na asitoe damu kumpa mwingine; maana ugonjwa wa mnyama ukihamia kwa watu, utawafikia wasioulizwa. Basi waganga wana deni la kumweleza mgonjwa pasipo kumficha neno, na la kumwuguza kwa ajili yake mwenyewe, wala si kwa ajili ya elimu tu. Nasi sote, watakaofaidiwa baadaye, tuna deni la kuwakumbuka.

Mdai wa tatu ni yule ambaye dawa haijamfikia, naye yuko karibu nasi kuliko Baltimore. Duniani wako zaidi ya watu milioni 40 wenye ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, na wengi wao ni watoto na vijana wa nchi maskini, na nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimo. Ugonjwa huu huanza kwa maumivu ya koo. Koo lisipotibiwa, homa yaweza kufuata na viungo kuvimba. Kisha vali za moyo hukakamaa au huvuja. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 huko Dar es Salaam, hufanya kazi ya kubadilisha vali hizo. Lakini hata huko kuchagua ni kugumu. Vali ya chuma na kaboni hudumu, lakini mwenye nayo hana budi kumeza dawa ya kuzuia damu kugandamana siku zote na kupimwa damu mara kwa mara. Na dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vali ya nguruwe au ya ng'ombe haihitaji dawa hiyo siku zote, lakini kwa kijana huchakaa upesi, naye atapasuliwa tena. Fikirini binti wa miaka 20 atakaye kuolewa na kuzaa: kila njia aliyo nayo ina machozi yake.

Na ugonjwa huo ungaliweza kuzuiwa kwa penisilini, dawa ya bei ndogo. Hatusemi ya kuwa wenye maarifa waache kazi ya mioyo ya nguruwe hata kila koo lipone. Huko Marekani zaidi ya watu 100,000 wangojea kiungo, nao ni watu. Twasema tu ya kuwa haituelekei kustaajabia habari za mbali huku tukilala juu ya deni la karibu.

Basi, ndugu, mtu akikuuliza kama ni halali, umjibu ya kuwa ni halali, kisha umwambie habari za wadai hawa watatu. Na mtoto wa jumuiya yako akilalamika koo, kisha akapata homa na magoti kuvimba, usingoje. Umpeleke zahanati siku ile ile. Mwenye kuandikiwa sindano ya kila mwezi, umkumbushe siku yake, na kama nauli imempungukia, umtafutie.