Ukuta Ukomee Wapi?

Katika nyumba nyingi zinazojengwa Bwizibwera, kuta za nje hupanda mpaka kwenye mabati, lakini zile zinazotenga chumba na chumba hukomea kwenye linta. Juu yake ni hewa tupu. Mafundi husema hivyo huokoa tofali na saruji, na hesabu yao ni sahihi. Ninachouliza ni kama mwenye nyumba ana haki ya kuokoa pesa mahali hapo.

Sauti hupita panapopitika. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu pande zote mbili huweza kupunguza sauti kwa desibeli 40 au zaidi, lakini ukiacha uwazi juu, maneno hupanda, hugonga bati na kushukia kwa jirani. Aliyejenga hivyo amelipia ukuta wa kuzuia macho tu. (Mvua ikinyesha, bila shaka, hakuna anayemsikia mwenzake, na nashuku wapo wanaoingoja ili wagombane.)

Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inalinda faragha ya mtu na nyumba yake. Lakini ibara hiyo inamlenga anayeingilia, haimsaidii anayesikia akiwa amelala kitandani mwake. Kiswahili kinatofautisha kusikia na kusikiliza, na lawama tumezoea kumpa anayesikiliza. Sasa mtoto anayewasikia wazazi usiku wakijadili nani kati ya watoto arudi shule muhula huu na nani abaki, ana kosa gani? Asubuhi atawaamkia kwa heshima kama kawaida, huku akijua jambo ambalo hakuomba kulijua. Wazazi wamevuliwa sitara, naye ametwishwa mzigo, na hakuna aliyefanya ubaya isipokuwa yule aliyekata ukuta.

Sisi tuliokulia Nakivale tunajua pingamizi la hoja hii. Makazi yale yalianzishwa 1958, na mpaka leo familia nyingi huanza maisha chini ya turubai, kisha nyumba ya miti na udongo. Mtoto akikohoa sana usiku, jirani hubisha hodi. Mume akiinua mkono, watu hutoka nje. Mama mmoja Mkongomani aliniambia kwamba ukuta mnene ni rafiki wa mpigaji. Nilikaa na neno hilo muda mrefu, kwa sababu nyumba za kale za mawe za Lamu na Zanzibar, zenye kuta za karibu nusu mita ambazo tunazisifu darasani, zingeweza kuficha mengi.

Hata hivyo, ukuta hauzimi sauti zote sawasawa. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60; ukiondoa 40, inabaki minong'ono inayomezwa na nyenje wa usiku. Ukelele wa mtu anayeumizwa hupita 90. Ukiondoa 40, jirani bado anausikia vizuri. Kwa hiyo ukuta wa tofali uliofika kwenye bati, mianya ya mawimbi yake ikizibwa kwa saruji, unafunika siri na kuacha kilio kipite. Anayetishwa kwa sauti ya chini hatasikika, hilo nalikubali, na kwake sina jibu la tofali.

Kinachonisumbua zaidi ni vyumba vya kupanga, ile mizigo iliyojipanga nyuma ya nyumba kubwa. Huko ndiko ukuta hukatwa kwanza, kwa hoja kwamba wapangaji huja na kuondoka. Mimi naona kinyume chake. Ndugu wa nyumba moja wanaweza kuombana radhi na kutunziana siri. Muuguzi anayelala mchana baada ya zamu na mwanafunzi anayemlilia mama yake kwenye simu hawakuchaguana. Kila mwezi wanalipa kodi ya chumba kizima, na wanapewa chumba kinachoishia kwenye linta.