Pea Moja Haiuzwi Mara Mbili

Wanangu mnaouza viatu mitandaoni, sitawaambia kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo iliwafaa wazee wangu, waliokuwa na kibanda kimoja na wateja wa mtaa mmoja. Leo fremu ya Kariakoo inadaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kijana asiye na mtaji huo atauzia wapi kama si kwenye simu? Tupia Instagram, tupia Kupatana na Jiji, weka status WhatsApp, usiku ingia TikTok uoneshe mzigo mbashara. Sina ugomvi na wingi wa masoko. Ninachogomba ni kwamba mna masoko matano na hamna daftari hata moja.

Nachukulia mfano wa mtumba kwa kuwa ndiyo biashara niliyozeekea, na kwa kuwa mtumba hauna mwenzake. Muuza sabuni akiishiwa katoni anavuta nyingine. Wewe ukifungua belo la viatu, kila pea ni ya peke yake: rangi yake, namba yake, mkwaruzo wake. Pea hiyo umeipiga picha na kuitundika mahali patano. Wateja watano wanaiona, kila mmoja anajua ipo, na kwenye meza ipo moja.

Kuna kijana wa Ilala alikuwa na moka za ngozi, kahawia, namba 42, soli haijaliwa kabisa. Mchana mteja wa Mbeya akaziona kwenye status, akalipa, akaambiwa zitapanda basi la asubuhi. Haikupita saa, mdogo wake aliyebaki mezani akamuuzia mpita njia moka zilezile kwa fedha taslimu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mpaka hapo lilikuwa kosa la hesabu. Ubaya ulianza jioni, kijana alipogundua akaandika: "Mzigo umeshatoka, bosi." Kesho yake basi likawa limeharibika Mikumi. Keshokutwa konda akawa hapatikani. Siku ya nne mteja akapiga picha mazungumzo yote, akayabandika chini ya kila tangazo la yule kijana, soko kwa soko, na juu yake neno moja: TAPELI. Masoko aliyoyafungua ili yamuuzie ndiyo yaliyomtangaza.

Dawa yake haihitaji programu ya kulipia. Belo likifunguliwa, bandika karatasi ya gundi chini ya soli ya kila pea, uiandike namba kwa maka: 117, 118, 119. Namba hiyo ionekane kwenye picha kabla hujaitupia popote. Kwenye daftari andika namba ya pea, bei uliyonunulia, umeitundika wapi, imeuzwa wapi na lini. Ikilipiwa, itoke mezani iingie kwenye mfuko wenye jina la mwenyewe, hapohapo, hata kama basi ni la kesho. Kisha uifute kote. Aliyebaki mezani naye asipokee hela ya mtu kabla hajaangalia daftari, na kama daftari unalo wewe Mbezi, akupigie. Ukiona kufuta kote kunakuchukua nusu siku, basi masoko yamezidi mikono yako. Punguza mawili.

Daftari hilohilo ndilo litakalokuonesha soko linalokulisha na linalokula kwako, maana masoko hayakati sawa. Kuna linalochukua kamisheni kwa kila unachouza. Kuna linalokuacha utupie bure, halafu likakuuzia nafasi ya juu ili uonekane. Na kuna lisilokudai chochote ila bando na usingizi wako. Tuseme pea umeinunua 18,000 ukaiuza 35,000. Kwenye status, mteja kajilipia bodaboda, wewe umetoa mfuko wa 500, umebaki na 16,500. Pea ya namna hiyo ukiiuza kwenye soko linalokata asilimia 10, umetoa 3,500. Tangazo 2,000. Ukakubali "usafiri bure", 5,000 ikaenda kwa bodaboda. Mfuko uleule 500. Umebaki na 6,000. Asiyeandika atasema leo nimeuza pea mbili, nina 70,000, akaagiza chipsi kuku na soda baridi.

Wapo wanaopandisha bei kule kwenye makato ili walingane. Kwa hesabu wako sawa. Lakini mteja wa siku hizi anazunguka kabla hajalipa, na akiuona mkwaruzo uleule kwa 35,000 huku na 45,000 kule, hawazii kamisheni. Anaona amekutana na winga, na bei anayoiamini ni ile ya chini. Mimi ningeweka bei moja kila mahali, na soko lisiloweza kuibeba bei hiyo ningeliacha. (Na hii "bei njoo inbox" mliirithi kwa nani? Mtu anauliza bei ya kiatu, mnamfanya aombe kama anaomba viza.) Mawinga wenyewe sina neno nao, Kariakoo imewalisha wengi. Ila winga anayetangaza mzigo wa mwenye duka bila kupiga simu kuuliza kama bado upo, kisa cha moka kinamsubiri.

Kuna anayenijibu: Mzee, mimi sitegemei soko moja, nina Instagram, Facebook na WhatsApp. Mwanangu, hayo yote mwenye nyumba wake ni mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 yalizima yote matatu kwa pamoja, kwa takriban saa sita, kwa kosa la mafundi wa kampuni yenyewe. Kwetu ilikuwa jioni, watu wametoka kazini, ndiyo saa za kuuza. Na soko kujifungia kabisa nako tumekuona. Jumia iliingia kwenye soko la hisa la New York Aprili 2019. Novemba ya mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania. Na soko hubadili mwenyewe pia: mwaka huo Jiji iliinunua biashara ya OLX hapa kwetu na kwa majirani zetu Kenya na Uganda. Wala msidhani nawarudisha mezani kwa sababu meza ni salama: soko la Karume liliungua Januari 2022, na moto hauna huduma kwa wateja.

Kwa hiyo ukurasa wa nyuma wa daftari uwe wa watu. Jina, namba ya simu, mkoa, saizi ya mguu, na alichonunua mara ya mwisho. Uliza kwanza kama anakubali umtafute mzigo mpya ukifika, na namba zake usimgawie mtu. Tangu 2022 nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na hata isingekuwepo, namba ya mtu ni amana. Wafuasi 20,000 wanabaki na mwenye mtandao siku akaunti ikifungwa. Hawa wa daftarini unaondoka nao.

Na kwa TRA daftari lina faida yake, ingawa vijana mkisikia jina hilo mnazima simu. Kwenye kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo, mwenye kumbukumbu kamili hulipa kidogo kuliko asiye nazo. Mimi nimewaona wanaolipa zaidi kwa uvivu wa kuandika tu.

Hata hivyo, ipo siku utauza pea moja kwa watu wawili. Wa kwanza kulipa ndiye mwenye mali. Yule wa pili usimwandikie ujumbe, mpigie. Usitaje basi, usitaje konda, usimtaje mdogo wako. Mwambie: dada, au kaka, pea hii ilishalipiwa nami sikuifuta, kosa ni langu. Hela yake uwe umeshamrudishia kabla hujapiga, yote, na makato ya kutuma juu yako, ili simu ikiita awe ameuona muamala. Usimbembeleze achukue pea nyingine siku hiyo. Ukimaliza naye, pitia masoko yako moja baada ya jingine uone pea hiyo bado imetundikwa wapi, maana kuna wa tatu anaitazama.