Ng'oeni, Mfukie, Leo Hii

Ndugu zangu wa Nyarero, mlio na viazi nyuma ya nyumba na nyanya kando ya jiko, nawasihi: kesho alfajiri, umande ukingali majanini, ingieni bustanini mpindue majani. Msiridhike na kutazama juu. Chini ya jani, pembezoni mwa baka la kahawia lenye majimaji, mkiona koga nyeupe, laini kama unga uliomwagika, huo ndio ukungu unaoitwa bakajani chelewa. Msingoje Jumapili ipite!

Ugonjwa huu huzaana kwa siku chache. Majani yakishinda yamelowa, na ubaridi ukiwa wa nyuzi 10 hadi 20, hali tunayoijua sana sisi wa milima ya Tarime wakati wa mvua, wiki moja au mbili zatosha kuunguza bustani nzima. Upepo huubeba hadi kwa jirani. Ireland uliingia mwaka 1845, na njaa iliyofuata, pamoja na maradhi yake, iliua watu wapatao milioni moja. Kwetu Afrika Mashariki uliripotiwa kwanza Kenya, mwaka 1941. Kenya, wapendwa, hapo ng'ambo ya Sirari!

Hakuna aliyekuroga. Roho inaniuma jina la mama wa watu linaponong'onwa kwa sababu nyanya za mwenzake zimenyauka. Acheni! Lakini wewe uliyeng'oa mashina yaliyoungua ukayatupa njiani, umewadhuru majirani zako kweli. Uliyeacha rundo la viazi vibovu mpakani, na masalia yakajiotea yenyewe, umeuhifadhi ugonjwa hadi mvua zijazo. Someni Walawi sura ya 14: pigo lilipoonekana ukutani, kuhani aliagiza mawe yatolewe, yakatupwe nje ya mji. Hayakuachwa mlangoni. Basi nanyi chimbeni shimo refu, tieni kila shina lililougua, mfukie siku hiyo hiyo. Na msilipeleke kwenye mboji.

Dawa ipo, lakini dawa yenye mankozebu ni ya kukinga. Jani lililokwisha kuungua hailiponyi. Pulizieni mapema, mkiwa mmefunika pua na mikono, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Hapo hapo zimeandikwa siku za kungoja kabla ya kuchuma. Mama, nakuomba kwa machozi: nyanya uliyoipulizia asubuhi isiingie kwenye mboga ya watoto jioni!

Nyanya na viazi huuguzwa na ukungu ule ule, msizipande pamoja. Nyanya zisimikieni miti, ondoeni majani yanayogusa udongo, maji mwageni shinani. Aina ya viazi iitwayo Shangi, inayopendwa sana Kenya, huwahi kuiva lakini huugua upesi. Anayeipanda aanze kinga mapema. Viazi vipandishieni udongo wa kutosha, maana mvua huuteremsha ugonjwa kutoka majanini hadi kwenye kiazi.

Vikikomaa, fyekeni mashina myafukie, kisha ngojeni wiki mbili kabla ya kuchimba, ngozi ikaze. Chimbeni siku ya jua. Chenye doa la kahawia lililobonyea kisiwe mbegu wala kisiingie ghalani, na anayekificha chini ya gunia analopeleka sokoni ajue kwamba anampelekea mwenziwe ugonjwa shambani kwake.