Jua Likitua Kabla ya Ugomvi Kwisha

Ndugu wapendwa mlio katika ndoa,

Tuchukue mfano ambao si mgeni kwa wengi wetu. Mume amepokea mshahara, na kabla ya kufika nyumbani amempa nduguye pesa za karo ya mtoto, maana ndugu huyo ana mgonjwa hospitalini. Hakumshauri mkewe. Jioni mke anagundua. Maneno makali yanatoka, chakula kinapoa mezani, na usiku wanalala wakipeana mgongo. Asubuhi hakuna salamu. Wiki inakwisha wakizungumza kupitia watoto: "Mwambie baba yako chai iko tayari."

Mtakatifu Paulo, katika Barua kwa Waefeso sura ya 4, aya ya 26 na 27, anatuonya tusitende dhambi tunapokasirika, tusiache jua litue tukiwa bado na hasira, wala tusimpe Ibilisi nafasi. Lakini mke yule atauliza: "Pesa zimekwenda, mtoto atarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nami niambiwe nisahau kabla ya kulala? Huo si unafiki?" Swali lake ni la haki. Tusilipuuze.

Kwanza, Paulo hasemi kwamba kila hasira ni dhambi. Bwana wetu mwenyewe alikasirika, kama tusomavyo katika Injili ya Marko sura ya 3, alipoona ugumu wa mioyo ya watu waliomvizia siku ya Sabato. Kuumizwa na jambo lisilo la haki si kosa. Kosa ni kuitunza hasira na kuilisha mpaka igeuke kuwa chuki.

Pili, kwa nini Paulo ataje jua? Yeye alikuwa Myahudi aliyeijua Torati. Kwa Wayahudi siku huisha jua linapotua, nasi tusemao Kiswahili twaelewa, maana saa zetu za usiku huhesabiwa tangu magharibi. Katika Torati yako madeni ambayo hayakuruhusiwa kulala. Kibarua maskini alipaswa kulipwa siku ile ile, kabla ya jua kutua (Kumbukumbu la Sheria 24). Na mtu akichukua vazi la mwenzake kuwa rehani, alipaswa kulirudisha kabla ya jua kutua, kwa sababu ndilo la kujifunika usiku (Kutoka 22).

Angalieni vizuri habari ya vazi hilo. Deni halikufutwa. Kesho yake mdaiwa bado alikuwa mdaiwa. Lakini mdai hakuruhusiwa kumwacha atetemeke kwa baridi usiku kucha.

Ndivyo ilivyo katika ndoa. Kabla ya kulala, mke yule hadaiwi aseme kwamba kosa halikuwa kosa. Wala hawalazimiki kubishana hadi usiku wa manane ati kwa kuwa Biblia imesema wamalize. Wanachodaiana ni lile vazi, yaani ishara ya kwamba mwenzangu bado ni mwenzangu. Mke anaweza kusema, "Baba Watoto, nimeumia, na jambo hili tutalizungumza kesho. Lakini njoo ule." Naye mume asingoje kuanzwa. Aseme, "Nisamehe, nilipaswa kukushauri," bila kuongeza "lakini". Na hiyo kesho ifike kweli, wakae chini wahesabu pesa pamoja. Anayeomba radhi usiku ili asubuhi asiulizwe hajaleta amani. Amenunua kimya tu.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, namba 104, alishauri siku isiishe bila watu wa nyumba moja kupatana. Alisema ishara ndogo yatosha, hata bila maneno.

Hata hivyo, aya hizi zisitumiwe kumnyamazisha anayepigwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inatambua kwamba mwenye kuhatarishwa vikali, yeye au watoto wake, ana sababu halali ya kuondoka. Kusamehe si kurudi mahali pa hatari.

Lakini kwa ugomvi wetu wa kila siku, kumbukeni Ibilisi haombi nyumba nzima. Anaridhika na ile nafasi iliyoachwa katikati ya kitanda, kisha hujitanua usiku baada ya usiku.

Kila Jumatano Kanisa husoma aya hizi mbili katika sala yake ya usiku. Jumatano ijayo, watoto wakishalala, kaeni pamoja, kila mmoja achunguze dhamiri yake, kisha amwulize mwenzake: "Je, kuna vazi lako ambalo bado nalishikilia?" Sikilizeni jibu bila kujitetea, kisha mwombe Baba Yetu. Yaliyobaki yatazungumzwa kesho.

Mungu azibariki nyumba zenu.