Kilima Kilicholipuka Mara Moja

Ndugu msomaji, nina swali linalonikera, na ninakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanitukana: mtu aliyetenda ubaya siku moja tu, tumwite mbaya mpaka lini?

Swali hili nimelipata kwa mjomba wangu. Kwetu Chanzuru, wilaya ya Kilosa, mjomba si mtu wa kuchezea. Ukoo wetu tunauhesabu kwa upande wa mama, na neno la mjomba ni zito kama la baba, pengine zaidi. Huyu wangu ndiye aliyenifundisha kushika jembe. Siku moja akakuta ng'ombe ndani ya mahindi yake, na mahindi yalikuwa yamekwisha beba. Akamkata mchungaji panga. Yule mtu alipona, lakini mkono wake wa kulia haushiki kitu tena. Mjomba akafungwa, akatumikia kifungo chote, akarudi.

Jioni alipobisha hodi, mimi ndiye niliyekwenda mlangoni. "Mjomba, hamjambo humu?" akauliza. Shikamoo ikakataa kutoka. Nilisimama kimya, mkono juu ya komeo, hadi akaelewa mwenyewe, akaenda kuomba pa kulala kwa jirani. Usiku ule nililala usingizi mzuri sana. Nilijiona mtu wa haki.

Miaka ikapita. Safari moja nilipanda gari la rafiki yangu kutoka Rombo, tukavuka mpaka, tukaiacha Loitokitok nyuma kuelekea Tsavo Magharibi. Karibu na lango la Chyulu nyasi zikakoma ghafla. Mbele yetu kukawa na mawe matupu, meusi, makali, yamejikunja kama uji ulioganda sufuriani.

"Hapa panaitwa Shetani," rafiki yangu akasema.

Jina lina sababu. Katikati ya karne ya 19 ardhi ya hapo ilipasuka, moto ukamwagika juu ya nchi, na inasimuliwa kwamba walioona walidhani ni shetani mwenyewe anatoka chini. Wewe ungedhani nini?

Vilima vya Chyulu vimejipanga kwa kilometa kama 100, na ndani yake mna vilima vidogo mamia kwa mamia. Havifanani na jirani yao Kilimanjaro, uliojengwa kwa milipuko mingi, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu wa miamba wanasema vya kaskazini ndivyo vikongwe, vingine vina zaidi ya miaka milioni moja, na kadiri unavyoshuka kusini ndivyo unavyokuta vichanga. Mwamba wake ni basalti. Ujiuji wa moto hupanda kutoka chini sana, hupenya katika ufa, hurusha makaa yanayorundikana kuwa kilima, humwaga lava, kisha njia ile huganda na kuziba. Basi, kazi imekwisha. Kwa kawaida kilima cha namna hiyo hulipuka kipindi kimoja tu. Moto ukija tena, hutafuta ufa mwingine, mahali pengine.

Umeona hapo? Tumeandika Shetani juu ya kilima kilichokwisha maliza, na tunakikodolea macho hicho hicho. Kumbe mvua inayoanguka juu ya Chyulu huzama katika yale majivu na mawe, ikasafiri chini kwa chini, ikachomoza Mzima Springs safi kabisa, na bomba likaipeleka Mombasa. Watu wanakunywa maji yaliyochujwa na miamba ya moto wa jana.

Na moto wenyewe uko wapi? Huko Mexico, Februari 1943, mkulima alikuwa katika shamba lake la mahindi ardhi ilipofunguka mbele yake na kuanza kutoa moshi. Hapo hapo pakazaliwa volkano ya Parícutin, iliyowaka hadi mwaka 1952. Hapakuwa na kilima cha kuogopa kabla ya siku ile. Palikuwa na shamba tu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka mmoja baada ya safari ile, katika kituo kimoja cha daladala Dar es Salaam, kijana mmoja alikwapua mkoba. Watu wakapiga kelele, "Mwizi!" Mimi nikakimbia nao. Alipoanguka nikaona nimeshika jiwe, na mkono wangu uko juu. Sikumbuki niliinama saa ngapi kuliokota. Mzee mmoja alinidaka kiwiko. Bila mzee yule, leo nami ningekuwa na jina.

Utaniambia, bwana wee, kilima hakina akili. Binadamu anachagua, tena anaweza kurudia. Kweli. Ndiyo maana sisemi jela ilimwonea mjomba. Wala sisemi yule mchungaji asahau, maana mkono wake haujasahau. Ninachosema ni kwamba tukishampata Shetani wetu mmoja, sisi wengine tunalala usingizi mzuri. Kilosa hiyo hiyo, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30. Je, wote waliouana siku hizo walikuwa wanajulikana kwa ubaya? Au walikuwa watu wa shamba tu, na moto uko chini?

Niliporudi Chanzuru nilikwenda kwa mjomba. Alikuwa anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mjomba."

Akakaa kidogo. "Marahaba, mjomba wangu. Umekuja kunisamehe?"

"Hapana. Mwenye kusamehe ni yule wa mkono. Mimi nimekuja kukuamkia."

Akanisogezea kigoda na gunzi la kwanza. Tukapukuchua hadi giza likaingia. Kama nilifanya sawa au nilimsaliti yule mchungaji, sijui, na bado nabishana na nafsi yangu. Lakini wewe unayesoma, ambaye hujawahi kulipuka hata siku moja: una hakika gani umesimama juu ya mwamba uliopoa?