Blanketi la Mdaiwa

Kiangazi kimeingia hapa kwetu Buhinyuza. Mchana ni jua na vumbi, lakini usiku baridi ya milima ya Muyinga hupenya hadi kwenye mifupa, na kuna nyumba ambazo watoto huvutana blanketi moja hadi alfajiri.

Tusome tena Kutoka 22 na Kumbukumbu la Torati 24. Sheria ya Musa haikukataza kuchukua rehani. Lakini rehani ikiwa ni vazi analojifunika maskini usiku, lirudishwe kabla jua halijazama, kwa kuwa hana lingine la kulalia. Mkopeshaji naye asiingie ndani kujichagulia. Asimame nje, mdaiwa amletee mwenyewe. Vazi la mjane lisiguswe kabisa. Mungu anaijua nyumba ya maskini kwa undani huo, na heshima ya mlango wake anailinda.

Watu waliishi na jambo hili la kuchukuliwa vazi. Mwaka 1960, karibu na Yavne-Yam katika pwani ya Israeli, kilichimbuliwa kigae chenye maandishi ya mwishoni mwa karne ya 7 kabla ya Kristo. Mvunaji anamlalamikia mkuu wa eneo: kazi yake ameimaliza, wenzake wa mavuno ni mashahidi, na bado vazi lake limechukuliwa. Namsikia humo kibarua wa kahawa wa hapa kwetu. Nabii Amosi aliwakemea waliojinyoosha kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani. Walimwabudu Mungu huku wenye nguo wakitetemeka.

Kwetu deni huanza na mbegu za maharagwe au dawa ya mtoto. Kukopesha ni wema, na vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vimeinua kaya nyingi. Lakini blanketi kuukuu lililochukuliwa rehani, ukilipeleka sokoni, halilipi deni. Anayelishikilia hapati kitu. Anachoshika ni usingizi wa watoto wa mwenzake. Hiyo ni dhambi, hata kama karatasi ya mkopo imetiwa saini.

Viongozi wa vikundi, andikeni katika kanuni zenu kwamba matandiko hayawekwi rehani. Nawe uliye na blanketi la jirani, lirudishe leo jioni. Habari ya deni mzungumze kesho mchana, ukiwa umesimama nje ya mlango wake.