Kiti kimoja, madaftari matatu

Swali tunaloleta hapa lilianza kwa ugomvi mdogo. Tulikuwa watu watatu wa chama, tumetoka Baraka kupanda upande wa milima ya Fizi, tukiandika maumbo ya vitu vya wazee: vinu, vikapu, mitumbwi, viti vya mti. Kwa mzee mmoja tulionyeshwa kiti. Usiku tukalinganisha madaftari. Wa kwanza wetu, mjukuu wa mchonga mitumbwi, alijaza ukurasa mzima juu ya alama za tezo. Wa pili, aliyelelewa katika nyumba ya sala, aliandika mstari mmoja tu: kiti cha mambo ya giza. Wa tatu aliandika kwamba ni kiti cha Bwami, na kwa hiyo ukoo wa mwenye nyumba ndio wakubwa wa mlima ule. Kumbe na yeye ni wa ukoo huohuo!

Je, mtu anayetafuta historia ya vitu aache moyo wake nyumbani? Shuleni tulifundishwa hivyo: andika ulichoona, basi. Lakini kuona kwenyewe kunatoka wapi? Mjukuu wa mchongaji aliona tezo juu alilala utoto wake wote akisikia sauti ya tezo. Mwingine angepita bila kuona kitu.

Tena wageni nao walikuja na macho yao. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, alifanya kazi kwetu karibu na mwaka 1950, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kupiga Bwami marufuku mwaka 1948. Alisikiliza sana, na tunamshukuru; bila yeye mengi yangepotea. Katika kitabu chake cha 1981, kilichotolewa na jumba la makumbusho la Tervuren, alieleza sanamu za mababu ambazo Wazungu walikuwa wanazigawa kati ya Wabembe, Wabuyu na Basikasingo, akaziita za wawindaji wa kabla ya Wabembe. Kwa msomaji wa Ulaya, "kabla" ni neno la kupanga kabati. Hapa Fizi, nani alitangulia ni neno la shamba, la mlima, hata la damu. Tena huko Ulaya jina Bembe linabeba watu wawili, sisi na wale wa Kongo-Brazzaville, na mtu asiyeangalia vizuri anachanganya vitu vyetu na vyao. Kukaa mbali hakumfanyi mtu asikosee.

Chukua na kinyago cha alunga: umbo la kengele, nyuso mbili, macho makubwa yenye shimo. Ndani ya kioo kinasimama peke yake, mara nyingi bila manyoya na miiba ya nungu kichwani, bila vazi la nyuzi, bila mchezaji. Mtazamaji anasifu mistari. Haongopi, lakini anasifu nusu.

Sisi pia tuna nusu yetu. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha wengi ziwa mpaka Kigoma, kambi za Lugufu na Nyarugusu, na vitu vikabaki nyuma, vingine vikawa kuni. Leo tunaandika mengi kutoka kwenye kumbukumbu. Mama mmoja alituambia kiti cha babu yake kilimfika kifuani. Alikuwa na miaka sita! Je, tufute? Hapana. Maneno yake yanatuambia heshima ya kile kiti. Lakini seremala akitaka kuchonga kingine kwa kipimo hicho, atachonga meza. Basi tunaandika maneno ya mama, na pembeni tunaandika miaka yake.

Hapo ndipo hatukubaliani na wale wanaosema kila mtu ana ukweli wake, tuache. Daftari la yule wa tatu lingeweza kesho kuwekwa mbele ya chifu kama ushahidi wa shamba. Tulimwomba aandike ukoo wake mstari wa kwanza kabisa, kisha arudi kuuliza majirani wa ukoo mwingine. Alikasirika siku mbili. Wa pili tulimwomba kitu kimoja tu: apime kiti, akigeuze. Chini alikuta ufa wa zamani uliofungwa kwa waya, umekazwa vizuri. Imani yake haikubadilika, na mstari wake tumeuacha pamoja na jina lake, lakini sasa chini yake kuna ule waya.

Tuliporudi, tulimsomea mzee yote matatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Watoto wangu, hamukuniuliza mimi. Muandike na hii: nilipigwa fimbo juu ya kukalia ile kiti. Mpaka leo siipendi."

Tukaandika.